Nilivyompeleka bibi misheni Bagamoyo

Bibi yangu mzaa baba alikuja Dar mwezi uliopita kutibiwa macho, katoka Tabora kwa treni na kikapu chake cha karanga, na baada ya wiki mbili za kushinda ndani akaniambia kitu kimoja tu, mjukuu wangu kabla sijarudi nataka nifike Bagamoyo. Nikadhani anataka bahari kumbe wala, bahari alishaiona siku tulipompeleka Coco, akaitazama kidogo akasema maji ni mengi, basi yakaisha. Alikuwa anaitaka Bagamoyo yenyewe maana kakua na hilo jina. Babu yake alikuwa mpagazi enzi hizo, wale waliokuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka kwetu Unyamwezi mpaka pwani kwa miguu, na hadithi za huyo mzee bibi alisimuliwa akiwa mdogo, na mimi nikasimuliwa na bibi nikiwa mdogo, na zote zinaishia palepale, wakafika Bagamoyo wakatua.

Basi Jumamosi tukaamka mapema. Gari za Bagamoyo tunapandia Makumbusho, na bibi aliposikia konda anaita Makumbusho Makumbusho akaniuliza si umeniambia tunakwenda makumbusho, mbona tumeshafika? Nikamweleza kituo kimepata jina kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho kilichopo hapo jirani, sisi tunakokwenda ni makumbusho ya misheni, kule mbele. Akanyamaza mpaka tunaipita Tegeta halafu akasema jina zuri hilo, mahali pa kukumbushwa. Mimi hapo Makumbusho napita kila siku ya kazi na sijawahi kulisikia hilo neno ndani ya hilo jina.

Njiani alikuwa anauliza kila kituo kinaitwaje, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, anarudia kwa sauti ndogo kama anahesabu. Toka Dar ni kama kilomita 70 na lami ni nzuri, tukafika saa nne hivi. Nikawa napiga hesabu kichwani: toka Tabora mpaka hapa kwa njia ya msafara ni karibu kilomita 800, na mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, miezi miwili mpaka mitatu, mito, kiu, ndui, na akifika anapumzika anasubiri mzigo wa kurudi nao. Mimi nikibeba gunia la mkaa kutoka getini mpaka jikoni nakaa chini.

Toka stendi tukachukua bajaji. Unavyoingia misheni kuna ile barabara yenye miembe mikubwa pande zote mbili, matawi yamekutana juu, ghafla jua linapungua na kelele za mjini zinabaki nyuma. Bibi akamwambia kijana wa bajaji baba nenda taratibu. Kwetu Tabora miembe ni kila kona na wazee wanasema mingi ilitokana na kokwa za watu wa misafara, wanakula wanatupa wanapita, kwa hiyo kuona miembe huku mwisho wa njia kwake ilikuwa kama kukutana na ndugu. Alishuka akaushika mmoja. Tukasubiri.

Makumbusho yako kwenye jengo la zamani walilokuwa wanakaa masista, la mwaka 1876, kuta nene, ndani kuna ubaridi. Mlangoni kuna kitabu cha wageni, unaandika tarehe, jina na ulikotoka. Mimi nikaandika langu. Bibi akasema mimi niache kwanza, nitaandika nikitoka, sijaona kitu bado nitaandika nini. Kijana anayeongoza wageni akampa shikamoo, akamletea kiti, akasema bibi hapa hakuna haraka, ukichoka unakaa. Kwa kweli nilimpenda kuanzia hapo.

Nieleze kidogo kwa asiyepajua. Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walianza Zanzibar, halafu mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo wakiongozwa na padri Antoine Horner. Ndiyo maana watu huita hapa mama wa misheni za bara, maana toka hapa ndipo walipokwenda kufungua Mhonda, Mandera, Morogoro mpaka Kilema kule Kilimanjaro. Zanzibar soko la watumwa lilikuwa bado wazi, lilikuja kufungwa mwaka 1873, na hao mapadri walikuwa wanakomboa watumwa, hasa watoto, wanawaleta hapa. Wakajenga kijiji chao kikaitwa kijiji cha uhuru. Watoto wakasomeshwa, wakafundishwa useremala, uhunzi, kulima, wakikua wanaozeshwa wenyewe kwa wenyewe wanapewa nyumba na kipande cha shamba.

Hapo mtu anaweza kuishia akasema basi ilikuwa raha, ila mimi naona lazima tuseme lote. Kununuliwa sokoni na padri bado ni kununuliwa. Mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi. Siku nzima ilikuwa inaenda kwa kengele, kusali, shamba, kusoma, shamba tena, kusali, na wapo waliokuja kutoroka walipokua. Sisemi hivyo kuwasema vibaya mapadri, kwenye makaburi yao pale nyuma ya majengo utaona wengi walikufa wakiwa vijana wadogo tu, malaria na homa nyingine, walijua wanachokuja kukutana nacho na bado walikuja. Nasema kwa sababu kuna picha moja ya watoto wa misheni wamesimama mistari, kanzu nyeupe, na nilizitazama zile nyuso muda mrefu. Kuna katoto mstari wa mbele kamekunja ngumi zote mbili. Wenzake mikono imenyooka, yeye kakunja. Sijui kwa nini ila ndiyo sura niliyotoka nayo siku ile.

Vitu vingine tulivipita haraka haraka, milango ya nakshi, barua, vyombo, ramani, picha za mji enzi za Mjerumani wakati Bagamoyo ilikuwa makao makuu kabla hayajahamia Dar mwaka 1891. Kwenye habari za vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani tulisimama kidogo, maana miaka ile ya 1888 na 1889 mji ulipokuwa unapigwa watu wengi walikimbilia humu misheni, na kuta hizi hizi ndizo zilizowaficha. Bibi hakuvutiwa sana. Alikuwa ananivuta mkono kwenda mbele kama anajua kuna kitu anakitafuta.

Tukafika kwenye minyororo.

Picha zake nimeziona vitabuni tangu shule ya msingi lakini kusimama mbele yake ni jambo lingine. Kuna pingu ya shingoni, pete ya chuma, upana wake ukikadiria unaona kabisa hii ni ya mtu mwembamba au mtoto mkubwa. Nje chuma kina matuta matuta ya nyundo na kutu imekula, ila upande wa ndani kimelainika. Nikachelewa kuelewa kwa nini ndani ni laini. Nilipoelewa nikaondoa macho.

Kijana wetu akaanza kueleza jina la mji, akasema watu wengi wanaeleza kwamba watumwa wakifika hapa wakiiona bahari wanajua kurudi kwao hakupo tena, wanabwaga moyo, wanauacha moyo huku bara mwili unaenda. Anaeleza vizuri, sauti imeshuka, mimi mwili umenisisimka. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema, taratibu kabisa, mwanangu, kwetu hatukuambiwa hivyo. Akasema babu yangu alikuja hapa na miguu yake, hakuna aliyemfunga kamba, alikuja mara tatu, na kila akirudi alirudi na merikani na kaniki na shanga, ng'ombe wa mahari ya bibi yangu alitokana na hiyo nguo. Kwetu bwaga moyo ni kutua. Umebeba miezi, umefika, unatua mzigo na moyo unatua.

Kijana hakubisha, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Akasema bibi hata hilo lipo, na wanaochunguza historia wengi wanalikubali, kwa sababu bandari kubwa ya kupitishia watumwa ilikuwa Kilwa kule kusini, hapa Bagamoyo zaidi zaidi ilikuwa pembe na wapagazi, maelfu kwa maelfu msimu ukifika, wanajenga vibanda, wanapika, wanacheza ngoma, wanasubiri mizigo. Watumwa walipita pia, chuma hiki si cha uongo. Bibi akasema sijasema ni cha uongo, nasema na babu yangu naye alipita.

Mimi hilo limenikaa mpaka leo. Nilivyosoma shuleni, mtu mweusi wa karne ile kwenye njia ya msafara alikuwa na picha moja tu, kafungwa. Wapagazi sikuwahi kufundishwa kama watu wa kazi, wenye ujira, waliokuwa wanagoma wakipunjwa posho, wenye wakubwa wao walioitwa wanyampara, ambalo ni neno la kwetu kabisa, leo limebaki nyapara na limeharibiwa na jela. Kwa Wanyamwezi kijana kwenda pwani na kurudi ilikuwa ni kupevuka, asiyewahi kwenda haonekani mtu mzima. Yaani pwani ilikuwa ni safari ya kuutafuta utu uzima. Na njia ilikuwa hiyohiyo moja, huyu anapita na mzigo wake wa ujira, yule anapita na kongwa shingoni, wanalala kambi moja wanakunywa kisima kimoja. Nilimuuliza bibi kama babu yake aliwahi kusema chochote kuhusu hao wengine. Akasema alikuwa anasimulia kila kitu, mito, simba, bei ya chumvi, ila hao akifika kwao alikuwa anaomba maji ya kunywa.

Baadae tukatoka nje kwenda kuona mnara wa kanisa la kwanza, lile la mwaka 1872. Huo mwaka huohuo kimbunga kikubwa kilipiga Zanzibar na pwani hii kikabomoa bomoa misheni wakaanza upya. Mnara huu ndio unaojulikana kwa jina la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, na ndio mahali pekee ambapo safari yangu ya shule ya msingi na safari hii zilikutana, maana sisi Tabora tulipelekwa Kwihara kuliona tembe alilokaa, nakumbuka nilikuwa na njaa na mwalimu anaongea. Sikujua habari yenyewe inaishia hapa.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye wakamtoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti na turubai, wakaubeba. Watumishi wake wawili, Chuma na Susi, ndio walioongoza. Alikuwepo Jacob Wainwright aliyesoma ibada ya kuzika ule moyo, alikuwepo na Halima mpishi. Walipofika kwetu Kwihara wakakutana na Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike palepale yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo njiani watu wakakataa maiti isipite kwenye nchi yao, basi wakafunga furushi la uongo wakalituma lirudi nyuma kama ndiyo maiti imerudishwa, na yule marehemu mwenyewe wakamfunga upya kama mtumba wa nguo. Mtumba! Hili neno tunalotumia kila siku Kariakoo, ndivyo alivyofika pwani. Zaidi ya kilomita 1,500, karibu miezi tisa, na tarehe 24 Februari 1874 wakamwingiza humu kanisani akalala, kabla ya kuchukuliwa na meli kwenda Zanzibar na mwisho London, ambako alizikwa Westminster Abbey mwezi wa nne.

Nilimsimulia bibi hayo yote tumekaa kwenye kivuli cha mnara. Akauliza waliombeba nao walikwenda kwenye mazishi? Nikamwambia alikwenda Wainwright peke yake, wengine walilipwa hapahapa pwani wakaambiwa kazi imekwisha, Chuma na Susi walikuja kupelekwa Uingereza baadae mazishi yameshapita, na huko wakasaidia kuelezea shajara zake zichapishwe kitabu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia na huyo Wainwright alifia kwetu bibi, Urambo, mwaka 1892. Hapo akageuka akanitazama. Urambo? Urambo ambako bibi ana dada yake mpaka leo. Akasema huyo basi ni mtu wa kwetu, amelala kwetu, na hatukuambiwa.

Kuna mambo mengine ningeyaweka ila nitayagusa tu. Padri Charles Sacleux, aliyefika pande hizi mwaka 1879, aliokota maneno ya Kiswahili miaka na miaka, lahaja moja moja, mmea mmoja mmoja, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikaja kutoka Paris kati ya 1939 na 1941. Mtu yeyote anayependa lugha hii akifika Bagamoyo amkumbuke, na awakumbuke zaidi wale waliokuwa wanamjibu maswali, wavuvi na akina mama wa hapa ambao ndio waliokuwa na maneno. Na kahawa, wanywaji wa kahawa wajue kwamba hao mapadri ndio waliokuja na mbegu na kuzisambaza kwenye misheni zao mpaka Kilimanjaro.

Halafu mbuyu. Aliupanda padri Horner mwaka 1868 na leo hamuuzungushi mikono hata mkiwa watu wanane. Sasa wanasimulia kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Kifaransa anayehudumia wagonjwa, Madame Chevalier, miaka ya 1890 alizungushia mnyororo kwenye huu mti akawa anafunga punda wake. Mnyororo ukasahaulika pale, mti ukaendelea kunenepa, ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu kimechomoza kwenye gome, vipingili vichache. Nilimwongoza bibi mkono wake mpaka pale kwa sababu kwa macho yake asingekiona. Akakishika kwa vidole viwili, akakivuta kidogo, hakitikisiki. Akapapasa gome kuzunguka pale lilipofumba, lina mdomo kama kovu la tumboni. Alikaa hapo muda, na kijana wetu kwa hekima yake akarudi nyuma hatua kadhaa akaniacha naye. Baada ya yale ya ndani nilidhani atasema kitu kuhusu mnyororo. Akasema mti huu ulipandwa babu yangu yu hai.

Bahari tulikwenda mwisho, pale kwenye msalaba wa ufukweni, hatukukaa sana, upepo ulikuwa mkali na bibi anaogopa mchanga wa macho baada ya matibabu. Kwa wanaokwenda, nendeni asubuhi jua halijawa kali, na msikimbie kwenye ule mnara tu mkapiga picha mkaondoka, kaeni kwenye vile vyumba, mwombeni anayewaongoza awasimulie na nyie mkiwa na lenu msimulieni. Mkiwa na mzee nyumbani nendeni naye. Mimi ningekwenda peke yangu ningerudi na nusu.

Tukarudi mlangoni kwa ajili ya kile kitabu. Bibi akasema andika wewe, mimi nitakutajia. Nikaweka tarehe. Kwenye jina akanitajia jina, sio lake, la babu yake, lile kamili na la baba yake mbele, ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa lote, akaninyooshea kidole niandike taratibu nisikosee. Sitaliweka hapa, ni la kwetu. Nikauliza na hapa kwenye ulikotoka niweke Dar au Tabora?

Akasema andika Tabora. Halafu akanizuia mkono, akasema ongeza, kwa miguu.